Muhogo Hautaki Haraka

JIKO LA JAMAA
Ukurasa wa mchungaji kwa akina mama, akina baba na vijana



Mwezi huu tunaongea juu ya muhogo. Najua wengine mtacheka: "Pasta naye anataka kutufundisha kulowanisha muhogo, sisi tuliokomalia ndani ya bugali!" Chekeni, lakini msifunge ukurasa. Katika vikundi vya akina mama kuna swali linalorudi kila mara: "Pasta, siku tatu ndani ya maji ni nyingi, watoto wako na njaa. Tukiutoa siku ya pili, ubaya ni gani?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaweza kuokoa miguu ya mtoto.

Fungueni kwanza 2 Wafalme sura ya 4, mstari wa 38 mpaka 41. Kulikuwa njaa kule Gilgali. Mtu mmoja akaenda shambani kutafuta mboga, akaleta matango ya porini ambayo hakuyajua, akayakatakata sufuriani. Walipoanza kula, wakapiga kelele kwamba kifo kimo ndani ya chakula. Angalieni vizuri: mtu yule hakuwa mchawi wala adui. Alikuwa na njaa, alikuwa na haraka, na hakujua alichobeba. Mambo hayo matatu yakikutana jikoni, hatari iko karibu.

Sumu iko wapi?

Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Wakulima wanapenda ule mchungu kwa sababu wanyama na wezi hawaufurahii, na unazaa vizuri. Lakini uchungu ule ni ishara. Ndani ya muhogo kuna kitu ambacho, muhogo ukisagwa, ukikatwa au ukioza, kinageuka sumu inayoitwa sianidi. Mungu ameweka mlango wa kutokea: sumu hiyo inageuka hewa na kuondoka, mradi tuipatie maji na wakati.

Ndiyo maana wazee walilowanisha. Muhogo ukikaa majini unalainika na kuchacha, sumu inavunjika, sehemu inatoka na maji, sehemu inatoka na hewa. Siku tatu ni kipimo cha mahali penye joto. Huku kwetu milimani Ngungu, ambako asubuhi mtu anatafuta koti, siku tatu mara nyingi hazitoshi. Usihesabu siku tu, pima kwa kidole. Bonyeza muhogo katikati. Kama kidole kinaingia bila nguvu na nyuzi za ndani zinavutika zenyewe, toa. Kama kati bado ni kigumu kama jiwe, rudisha, hata kama ni siku ya nne. Maji yale mwaga mbali, mbuzi na kuku wasiyanywe.

Na wale wanaokata muhogo mchungu na kuuanika juani moja kwa moja, bila maji? Unakauka, ndiyo. Unakuwa mweupe na mzuri wa kuuza, ndiyo. Lakini unapokauka upesi hivyo, sumu nyingi inabaki ndani. Weupe wa unga si ushuhuda wa usafi wake.

Ugonjwa unaofunga miguu

Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ulioonekana Kwango, magharibi mwa nchi yetu. Watu wa huko, Wayaka, walikuwa na jina lake tayari: konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Unashika ghafula, na ukishashika miguu hairudi kama zamani. Unapata zaidi watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na akina mama wa umri wa kuzaa. Hauambukizi.

Mwaka 1981 ukame ulipiga kaskazini mwa Msumbiji, jimbo la Nampula. Muhogo mchungu ulibaki karibu chakula peke yake, na watu walishindwa kungoja siku za kuutengeneza. Zaidi ya watu 1000 walipata ugonjwa huo. Hata karibu na sisi, Burhinyi katika Kivu Kusini, waganga waliandika mwaka 2011 kwamba konzo imefika, mahali palipoharibiwa na vita.

Sasa mnaona kwa nini ninaandika. Tangu mwaka 1993 jamaa nyingi za Masisi na Walikale zimejua maana ya kukimbia. Mtu anayekimbia anang'oa muhogo kabla ya wakati, anaulowanisha usiku mmoja, anausaga kesho yake. Maharagi yamebaki shambani, ng'ombe hayupo tena, bugali unaliwa na chumvi. Muhogo usiotengenezwa pamoja na chakula kisicho na nguvu: hiyo ndiyo njia ya konzo.

Na hapa naongea kama mchungaji. Mtoto akiamka miguu haina kazi, wengi wetu tunaanza kutafuta nani amemroga. Kidole kinaelekea kwa bibi mjane, au kwa mke wa pili, au kwa jirani mwenye shamba zuri. Ndugu, kabla ya kunyooshea mwanamke kidole, nyoosha kidole ndani ya beseni la muhogo! Msihukumu mtu bure. Mpelekeni mtoto kwa daktari upesi, kwa sababu miguu inaweza kupooza kwa polio au kwa kifua kikuu cha mgongo pia, na kila ugonjwa una njia yake.

Jaribio la mwezi huu: kulowanisha unga

Mtasema: "Basi, unga wa sokoni tutajuaje kama ulilowanishwa?" Kwa macho huwezi kujua. Lakini kuna njia nyepesi. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliitengeneza, na waganga wetu wa Kongo waliitumia na akina mama wa Popokabaka, kule Kwango, kuanzia mwaka 2010. Katika kijiji kile walichofuatilia, hakuna mtu mpya aliyeshikwa na konzo wakati wa kazi hiyo. Haiombi pesa. Fanyeni hivi:

1. Weka unga ndani ya beseni, usawazishe juu, piga alama pembeni ya beseni mahali unga unapofika.

2. Tia maji ya baridi polepole huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Endelea kutia maji mpaka upande tena ufike kwenye alama yako. Hapo acha.

3. Tandaza unga ule mbichi juu ya mkeka au shiti safi. Usiwe mnene kupita sentimeta 1, kama unene wa kidole kidogo cha mtoto.

4. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini kama mvua imefunga. Sumu inatoka na hewa. Kwa hiyo usiufunike kwa nailo.

5. Songa bugali siku ileile. Unga uliolowana ukilala, unaharibika.

Kwa nini maji ya baridi? Ndani ya unga wenyewe kuna kitu kinachovunja sumu, lakini moto unakiua. Ukimwaga unga moja kwa moja ndani ya maji yanayochemka, umeua mfanyakazi kabla hajaanza kazi. Akina mama waliojaribu Kwango walisema bugali wake hauna uchungu. Jaribuni na ninyi, mlinganishe ladha.

Wasaidizi wa muhogo

Bugali usitembee peke yake. Mwili unapigana na sumu hiyo kwa nguvu inayotoka katika vyakula vya kujenga mwili: maharagi, soja, samaki, maziwa, mayai. Sisi wa Masisi tunajulikana kwa maharagi, maziwa na fromaji. Kuuza si dhambi, lakini tusiuze yote. Kikombe cha maharagi kibaki kwa watoto. Anayepata sambaza za Ziwa Kivu, hata kiganja kimoja, azikaange kidogo, azisage, atie ndani ya sombe: jamaa nzima inakula samaki.

Jaribuni pia kuchanganya unga: nusu muhogo, nusu mahindi au mtama. Bugali unashika vizuri, na sumu kama iko imegawanywa.

Sombe nayo isisahauliwe, kwa maana majani yana sumu kupita mizizi. Yatwange mpaka yalainike kabisa, yasibaki vipande. Chemsha sufuria ikiwa wazi, hasa mwanzoni, ili hewa mbaya itoke. Mawese na kitunguu vingoje mwishoni.

Kwa wale wa karyera

Ninyi vijana mnaochimba, sikilizeni. Mfuko uliobeba mawe ya koltani usibebe unga. Bidoni iliyokuwa na mafuta ya mashine au dawa isilowanishe muhogo, hata ukiiosha mara saba kama Naamani. Na sufuria iliyochoma dhahabu na zebaki isirudi jikoni kamwe, kwa sababu zebaki haionekani wala hainuki. Kama baba hana chombo kingine, anunue kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Na mkiwa huko juu, wanaume watupu, kila mtu na mbabula yake, msiseme kazi ya muhogo ni ya wanawake. Njaa ya jioni haiulizi nani ni mwanamume. Wekeni mapipa mawili: muhogo wa leo katika pipa la kwanza, wa keshokutwa katika la pili. Hivyo kila mara kuna uliokwisha kuiva majini, na hakuna atakayelazimika kung'oa na kula kwa haraka. Mama nyumbani afanye vilevile kwa mabeseni. Anayeulowanisha mapema hashindani na kilio cha watoto.

Elisha hakumwaga sufuria ile. Aliomba unga, akautia ndani, na watu wakala salama. Mungu alitumia kitu cha jikoni, mikononi mwa mtu aliyetulia. Basi Jumamosi hii, watoto wakiwa nyumbani, chukueni beseni, mpige alama, mfanye jaribio pamoja. Kijana anayejua kusoma awasomee bibi na jirani asiyejua. Mkiwa na ujuzi mwingine wa muhogo, leteni kwa katibu wa parokia, tutauweka hapa.

Bwana abariki mikono inayosonga bugali, na miguu ya watoto wetu itembee mpaka uzee. Amina.