Kuimba Somo si Kusoma



Mtoto mmoja wa mwaka wa tatu alisoma somo zima pasipo kukosa hata neno moja. Nilimsifu mbele ya wenzake. Jioni ile mama yake alimpa barua ya baba, aliyekuwa akifanya kazi katika migodi ya shaba huko Kolwezi. Mtoto akaitazama barua, akaigeuza, akanyamaza.

Kesho yake mama alikuja na barua mkononi. «Furere, mtoto huyu anasoma nini shuleni?»

Nilimwita mtoto, nikafunika kitabu chake kwa karatasi. Aliendelea kusoma vile vile! Alikuwa ameshika somo kwa masikio, maana kila siku mimi natangulia na darasa lote linafuata kwa sauti. Kosa lilikuwa langu kuliko lake.

Sasa tunafanya namna nyingine. Tunasoma mstari kuanzia neno la mwisho, na mwenye kubahatisha anajulikana mara moja. Tena naandika amri juu ya vikaratasi: «Fungua dirisha la nyuma.» «Lete chaki mbili.» Mtoto anasoma kimya, halafu anatenda. Akileta ufagio, tunacheka sote, naye anacheka.

Na kuandika? Kunakili maneno ya ubaoni kunazoeza mkono, basi. Siku moja niliwaambia wakubwa waandike habari za uvuvi wa Ziwa Tanganyika. Karibu wote waliandika: «Samaki ni chakula kizuri.» Mmoja aliandika hivi: «Usiku usio na mwezi wavuvi wanawasha taa juu ya mitumbwi. Ndakala wanapanda kuufuata mwangaza. Mwezi ukiwa mkubwa, kwetu tunakula sombe tupu.» Alikosea herufi nne. Nilizisahihisha, lakini nilimpa alama kupita wale wasiokosa. Wazazi wengine hawakupenda. Mimi sigeuki: herufi naweza kumfundisha kesho, lakini sombe ile tupu nisingeijua asingeiandika yeye. Wenzake walimwuliza wavu unashushwa lini, na nani anashika taa. Akarudi kukaa, akaongeza mistari minane.

Yule mtoto wa barua alimjibu baba yake baada ya miezi miwili. Mistari mitano, jioni tatu za kazi. Aliuliza kama mvua imeanza Kolwezi, akasema mbuzi amezaa. Mama alitaka niisahihishe kwanza. Niliisoma, nikaitia katika bahasha kama ilivyokuwa.