Mume Aliyejeruhiwa Nyumbani Naye Aulizwe

Mwanamume anayefika zahanati katika kata kama ya Mbuba, wilayani Ngara, akiwa na jeraha kichwani, ana maelezo yaliyo tayari: ameanguka na baiskeli, au ameteleza shambani akiwa na mkungu wa ndizi. Mhudumu huyaandika, hushona jeraha, hutoa dawa ya maumivu. Utaratibu umefuatwa. Lakini ikiwa jeraha limetokana na mchi aliorushiwa na mkewe, kilichotibiwa ni ngozi tu, na mgonjwa anarudi palepale alipoumizwa.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi, na hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulionesha kuwa asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 9. Hao tisa katika kila mia nao hupita mbele yetu, na hatuwauoni.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mtu yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iseme itakavyo. Inamlinda mume kama inavyomlinda mke. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi halimfungii mwanamume mlango, ingawa jina lenyewe, nadhani, humfanya apite mbali. Akisimulia kilabuni penye rubisi atachekwa. Kwa wazee wa ukoo ataambiwa ajikaze. Hufika kwetu kwa sababu damu haisubiri.

Basi aulizwe, akiwa peke yake. Aliyemsindikiza aombwe kusubiri nje, hata akiwa mkewe aliyejaa huruma. Swali lisimtuhumu mtu: "Je, kuna mtu aliyekuumiza?" Kisha mhudumu anyamaze, na asitabasamu. Kijijini muuguzi huenda ni jirani au shemeji, hivyo mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba maneno yake hayatatoka chumbani. Akipendelea kuhudumiwa mbali na kwao, apewe rufaa, mathalani kwenda Murgwanza. Mahali jeraha lilipo, ukubwa wake na makovu ya zamani viandikwe. Aulizwe pia kuhusu usingizi, pombe, na kama amewahi kutamani kufa, kwani matusi ya kila siku na kufungiwa nje usiku haviachi kovu la kushonwa.

Wapo watakaosema kwamba mwingine kaanza yeye kupiga, na mke akajitetea. Inawezekana kabisa. Mhudumu si hakimu. Atibu, aandike, aeleze namna ya kupata fomu ya polisi namba 3. Asijaribu kuwapatanisha wawili hao papo hapo, maana anayeogopa hawezi kusema kweli mbele ya anayemwogopa.

Nawe ndugu unayeyasoma haya ukiwa na jeraha ulilolipa jina la baiskeli: unaweza kumwomba mhudumu mzungumze faragha bila kutaja sababu mbele ya watu.

Wengi watakana mara ya kwanza. Nyuzi za kichwani hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, na siku hiyo mgonjwa atarudi. Aulizwe tena.