Mgonjwa Asiyeitika

Siku moja tulikwenda kumtazama Mkristo mwenzetu aliyeanguka na pikipiki. Tulimkuta amelala kimya, macho yamefumba, na mashine ikimpumulisha. Ndugu zake walikizunguka kitanda, wakaanza kushindana juu ya shamba lake, wakisema mbele yake: «Huyu amekwisha kufa.» Shangazi yake mzee peke yake aliwakaripia: «Nyamazeni, mtoto wangu anasikia!» Wengine walimcheka. Nasi, tuliosoma miaka mingi, tulinyamaza. Tangu siku ile tulitaka kujua: je, shangazi alisema kweli?

Kwanza tufahamu shida ya waganga wenyewe. Mashine ya kupumulia huendesha mapafu tu. Haituambii habari za ubongo. Tena mgonjwa hupewa dawa za usingizi, apate kuuvumilia mpira uliopitishwa kooni. Basi, ubongo wake waweza kukosa damu, au kushikwa na kifafa kisichotikisa hata kidole, wala mtu asione. Kutoboa kichwa ili kupima ndani kuna hatari zake, maana damu yaweza kutoka na uchafu kuingia. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia za kuupeleleza ubongo bila kisu.

Njia ya kwanza ni umeme. Ubongo ulio hai hutoa umeme mdogo sana. Mwaka wa 1924, mjini Jena katika Ujerumani, mganga Hans Berger aliupima juu ya kichwa cha mtu, akaitangaza habari hiyo mwaka wa 1929. Vidude vidogo vya chuma hubandikwa kichwani, na mashine huandika mistari kama mawimbi ya ziwa. Kifafa kilichofichika huonekana hapo. Njia ya pili ni sauti kali mno, isiyosikika kwa masikio yetu. Mwaka wa 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha ya kuwa sauti hiyo hupenya mfupa mwembamba karibu na sikio, ikapima mwendo wa damu katika mishipa ya ubongo. Njia ya tatu ni mwanga usioonekana kwa macho. Mwaka wa 1977 Frans Jöbsis alieleza jinsi mwanga huo unavyoweza kutujulisha kama ubongo unapata oksijeni ya kutosha.

Hata hivyo hakuna chombo kimoja kijuacho yote. Baridi kali ya mwili na dawa za usingizi zaweza kuinyosha mistari ya umeme ya mtu aliye hai. Tena watu wengine wana mfupa mnene, sauti haipenyi. Ndiyo maana mganga mwenye busara hupima tena na tena, wala hatoi neno lake kwa haraka.

Sasa turudi kwa shangazi. Mwaka wa 2024 wataalamu wa Marekani na Ulaya walitangaza habari za wagonjwa 241 walioumia ubongo, ambao hawakutikisa kiungo walipoamriwa. Waliambiwa wafikiri tu, kwa mfano, kwamba wanafumba na kufumbua mkono, huku ubongo ukipimwa kwa umeme au kwa mashine ya sumaku. Ubongo wa wagonjwa 60, yaani mmoja katika kila wanne, ulitii. Walisikia, walifahamu, lakini mwili haukuweza kujibu!

Hatusemi kwamba kila alalaye hivyo anasikia, wala kwamba ni dhambi kuizima mashine siku zote. Baba Mtakatifu Pio XII, alipowajibu waganga tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha ya kuwa tunapaswa kutumia njia za kawaida za kuutunza uhai, lakini hatulazimishwi kutumia zile za kupita kiasi. Tena kuitambua saa ya kufa ni kazi ya waganga. Basi, si kazi ya jamaa wanaogombania shamba.

Hospitali zetu nyingi hazina vyombo hivyo. Lakini taa ndogo ya kumulika mboni ya jicho haina gharama kubwa. Na kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka wa 1974, hakidai mashine: mwuguzi hutazama macho, maneno na mwendo wa viungo, akahesabu tangu 3 hata 15. Nasi jamaa tunayo kazi yetu. Tuingiapo, tumwite mgonjwa kwa jina lake, tumshike mkono, tumpe habari za nyumbani, tusali Rozari kwa sauti asikie. Mambo ya urithi yangoje nje.

Ndugu yule alifariki baada ya siku chache. Ikiwa alisikia, basi alisikia ugomvi wa nduguze, na sauti moja tu iliyomtetea. Yetu haikuwamo. Wasomaji wapenzi, ninyi msifanye kama sisi.