Wacheni kusingizia upepo

Kila saa kuna klipu mpya: glaida inashuka vizuri, halafu ikibakisha mita chache inadondoka kama gunia la viazi. Na watu wanaandika tu, "upepo umemmaliza," "siku yake ilikuwa imefika." Wasee, hapana.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini hii hesabu haitaki digrii. Glaida haina injini. Inabebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Tuseme chini ya 70 km/h bawa halibebi tena. Rubani anakuja kutua na 90, akielekea upepo wa 40. Ghafla upepo unakata, unabaki 10. Ndege ni nzito, haiongezi mwendo papo hapo, so hewa kwenye bawa imeshuka hadi 60. Ako juu ya ghorofa mbili na hakuna mafuta ya kukanyaga. Imeisha hiyo.

Na hii kitu inafunzwa! Upepo ukiwa mkali unaongeza mwendo, wengi huongeza nusu ya kasi ya upepo. Hapo angekuja na 110, abaki na 80. Angetua akitetemeka, lakini angetua.

Mbona nawasumbua? Juu ya Iten. Tunapenda kupanda paraglaida pale juu ya Bonde la Kerio, na kusema ukweli kunabamba. Lakini saa saba mchana jua limechoma mawe, hewa moto inapanda hapa, ingine inashuka pale, upepo unachapa, unaachilia, unageuka. Paraglaida ni kitambaa, mwendo wake wa kawaida ni kama 35 hadi 40 km/h. Upepo ukizidi hapo unarudi nyuma ukiangalia mbele. Bawa likikunjika mita 20 kutoka chini, halina nafasi ya kufunguka.

Alafu sisi wa kontenti tunafika tumechelewa, tunamwambia rubani, "Buda, tumelipa, tumetoka Nairobi." Akikataa anaitwa muoga. Akikubali, akianguka, tunalaumu upepo. Upepo hauna M-Pesa, bana. Haukuchukua pesa ya mtu.

Akisema mngoje hadi jioni itulie, kaa chini ukunywe chai. Na kama ana haraka kukuliko, muulize: umeangalia upepo wa huku juu tu, ama pia wa kule chini tunatua, zaidi ya mita 1,000 chini yetu? Akicheka, itisha pesa yako.