Simu ipimwe kwa mkono, si kwa macho

Mnamo Januari 2001, Wafilipino waliitana barabarani Manila kwa ujumbe mfupi wa simu, na Rais Joseph Estrada akang'oka mamlakani. Simu za wakati huo zilienea kiganjani. Kidole gumba kilifikia kila kitufe. Leo vioo vya simu nyingi vimezidi inchi 6. Si ajabu vinapendwa: kwa Wafilipino wengi wasio na kompyuta, simu ndiyo ofisi na sinema. Lakini kidole gumba kikinyooshwa hivyo kwa saa nyingi kila siku, kano zake kwenye kifundo cha mkono huweza kuvimba na kuuma. Watengenezaji hufuata pesa za mnunuzi. Basi mnunuzi, huko Manila na hapa Nairobi, aishike simu kwa mkono mmoja kabla ya kulipa. Kidole gumba kisipofika, aiache.