Timu za Bukavu hazifungwi na uchawi, zinafungwa na safari

BUKAVU – Kila timu ya mji huu inaporudi kutoka Kinshasa au Lubumbashi mikono mitupu, maneno ni yale yale kutoka Kadutu hadi Bagira. Wachezaji walilala. Kocha ameuza mechi. Wenyeji walifukia kitu langoni. Mechi ya pili ikipotea na ya tatu ikafuata, kocha anafukuzwa. Kocha mpya anapewa timu ile ile, anapita njia ile ile, anafungwa vilevile.

Maneno hayo yakome. Si kwamba wachezaji hawana kosa hata moja. Ila maneno hayo yanamficha mtu anayepaswa kujibu.

Ramani iangaliwe kwanza. Kutoka Bukavu hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa ndege, hadi Kinshasa ni karibu 1,500. Hakuna barabara ya kumfikisha mchezaji Kinshasa akiwa na miguu ya kucheza. Mji huu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, penye baridi ya ziwa. Kinshasa iko chini sana, kwenye joto zito. Timu yenye pesa hufika siku tatu kabla, inazoea hewa, inalala vizuri. Timu iliyochangiwa nauli na mashabiki hufika dakika za mwisho, imechoka, halafu inaulizwa kwa nini ilikosa pumzi dakika ya 70.

Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa. Hata Ulaya imethibitika. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja, ligi ya Ujerumani ilirudi bila mashabiki, na timu za nyumbani zikaanza kushinda mara chache kuliko zamani. Kelele za wenyeji zinampa mchezaji nguvu na zinamtikisa mwamuzi. Aliyewahi kusimama Concorde siku Muungano na Bukavu Dawa wanapokutana hahitaji kufundishwa hilo.

Kule Amerika ya Kusini kuna Bolivia, nchi ya milima mirefu. Mwaka 2009, pale La Paz, iliifunga Argentina 6-1. Lakini ugenini, katika michujo ya Kombe la Dunia, ilikaa tangu 1993 hadi Septemba 2024 bila ushindi hata mmoja, mpaka ilipoifunga Chile 2-1 kule Santiago. Miaka 31! Kama ni uchawi, basi wachawi wa bara zima walifanya kazi zamu kwa zamu. Hapa Bukavu, Dawa ni jina la klabu, si maelezo ya matokeo.

Wapo watakaosema: mbona Mazembe inasafiri na inashinda? Mazembe ina Moïse Katumbi, ina kiwanja chake cha Kamalondo, na imewahi kuruka kwa ndege zake yenyewe. Anayemlinganisha mchezaji wa Kadutu na huyo alinganishe kwanza mifuko.

Na wapo wanaosema mashariki hakuna mpira. Hao wajibiwe kwa jina moja: Maniema Union ya Kindu. Klabu hiyo ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-2025, na Novemba 2024 ilikwenda Afrika Kusini ikatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, mmoja wa matajiri wa bara hili. Kindu nayo ni mji wa mashariki wenye barabara mbovu. Timu ikitayarishwa na kusafirishwa kama timu, ugenini si kaburi.

Basi wa kujibu ni nani? Wa kwanza ni komite za klabu. Mashabiki wanachanga, wafanyabiashara wanatoa, viongozi wa siasa wanaahidi mbele ya kamera. Ni lini komite ilibandika ukutani karatasi inayoonyesha kiasi kilichoingia, nauli, hoteli na chakula? Komite isiyoonyesha hesabu haina haki ya kumfukuza kocha.

Wa pili ni Linafoot na shirikisho, FECOFA. Msimu wa 2018-2019 ligi iliweka timu 16 katika kundi moja, nchi nzima. Klabu yoyote ya mashariki iliyokuwemo ilipaswa kuvuka Kongo tena na tena. Msimu wa 2022-2023 ulikufa njiani bila bingwa. Ligi isiyoweza kumaliza msimu wake inawezaje kumwambia maskini wa mbali ajitegemee?

Kisha vita ikaongeza mzigo juu ya mzigo. Februari 2025 M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha wakaingia Bukavu. Njia ya ndege ikafungwa. Maelfu ya familia walivuka Ruzizi kuingia Burundi, na wengi walilala kwenye kiwanja cha mpira cha Rugombo, kule Cibitoke, watoto juu ya nyasi, mvua juu ya vichwa. Kiwanja kikawa nyumba kwa sababu nyumba ilikuwa imebaki nyuma. Familia hizo zinajua kuliko mchambuzi yeyote maana ya kucheza ugenini kila siku: sheria si zako, mlango si wako, na ukianguka unaambiwa ni uzembe wako.

Kwa hiyo madai ni manne. Komite zitangaze hesabu za safari kila mwisho wa mwezi, kwa redio, kwa Kiswahili. Shirikisho liunde mfuko wa nauli kwa klabu za mbali, na mechi za ugenini zipangwe mbili au tatu kwa safari moja. Klabu iliyozuiwa na vita isikatwe pointi wala kushushwa daraja kwa kutofika. Na vijana wa mpira waliokimbilia Uvira, Burundi au kwingineko waandikishwe na kupewa karatasi zao, wasipoteze miaka yao ya kucheza kambini.

Mashabiki nao wana kazi. Timu ikirudi imefungwa, swali la kwanza lisiwe nani ameroga. Liwe: walisafiri vipi, walilala wapi, walikula nini, na pesa zilipita mikono ya nani? Swali hilo likiulizwa kila Jumatatu, Kadutu na Rugombo, kuna watu watakosa mahali pa kujificha.