Tuwafundishe Watoto Wetu Sindano



Kila Idi inapokaribia, nyumba nyingi za hapa Kampala huwa na hesabu moja: watoto wanne, nguo nne, na pesa hazitoshi. Wengine hukopa. Wengine huenda Owino, wakachambua milundo ya mivumba, wakarudi na nguo nzuri lakini wakaficha ilikotoka. Kwa nini tuone haya? Sisi tunaona kasoro ni nyumba nzima kukosa mtu anayeweza kushusha pindo au kupunguza kiuno.

Mtumba ni kitambaa. Shati kubwa la mwanamume, likifumuliwa mishono badala ya kukatwa ovyo, hutoa gauni la mtoto wa miaka minne, na vifungo vya mbele vikawa vya mgongoni. Shuka la pamba hutoa mitandio. Sketi iliyo fupi kwa stara huongezwa kitambaa cha rangi nyingine chini. Muhimu ni kufua kwanza, kupiga pasi, na kukagua palipochakaa kabla ya kushika mkasi.

Wapo wanaosema mitumba inaua viwanda vyetu, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikasitisha nafuu ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru. Hapa Uganda, Rais Museveni alitangaza mwaka 2023 kuwa anaipiga marufuku. Hayo huamuliwa na wakubwa. Lililo mikononi mwetu ni sindano. Nguo iliyofungwa robota imempa kazi mtu wa mbali. Ikipita kwa fundi cherehani wa mtaani, ujira wake unabaki hapa.

Si ndoto. Mbunifu Bobby Kolade, kupitia Buzigahill ya hapa Kampala, tangu mwaka 2022 anafumua mivumba, anaishona upya na kuiuza hata katika nchi zilizoitupa. Kazi hiyo ameiita Return to Sender, yaani irudi kwa aliyeituma.

Basi likizo ijayo kila mtoto apewe nguo moja kuukuu, sindano na uzi. Tusiseme hii ni kazi ya wasichana. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Mvulana anayejua kurudishia kifungo hatamsumbua mama yake leo wala mkewe kesho. Na msichana anayejua kukata na kushona ana akiba ambayo bei ya sokoni haiwezi kumnyang'anya.

Nguo ya Idi ipendeze, nasi tuamke siku ya pili bila deni.

Wabillahi tawfiq.